Je, Kulima Pamoja ni Sehemu ya Injili?



Katika vikao vyetu vya akina mama huku Ngara na Biharamulo kuna swali ambalo halikosi kuzuka, hasa tunapochangishana fedha za kumpeleka mgonjwa hospitali ya rufaa au za kukarabati kisima. Mama mmoja husimama na kusema, "Jamani, sisi tumekuja kusali. Mambo ya visima ni ya serikali." Mwingine humjibu kwamba Bwana Yesu hakuwaacha watu warudi kwao na njaa. Hapo kikao hugawanyika, na mara nyingine mama mwenyekiti hulazimika kuanzisha wimbo ili tupoe. Mwezi huu tumeona vema tulizungumze swali hilo, kwa sababu halikuanzia kwetu, na tena hapa kwetu lina historia ambayo watoto wetu wengi hawaijui.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1886 mchungaji kijana wa Kibaptisti, Walter Rauschenbusch, alianza kazi katika kanisa dogo la wahamiaji wa Kijerumani huko New York, pembeni ya mtaa wa maskini ulioitwa Hell's Kitchen, yaani Jiko la Jehanamu. Alikaa hapo miaka 11. Alikwenda akiwa na nia ya kuokoa roho za watu, nayo ni nia njema. Lakini kilichomvunja moyo ni mazishi ya watoto. Kila mara alikuwa akisimama mbele ya jeneza dogo. Sisi wauguzi hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Familia nzima katika chumba kisicho na dirisha, maji machafu, baba anarudi usiku amechoka na ujira wake hautoshi chakula: mtoto wa namna hiyo akiharisha siku mbili tu, amekwisha.

Rauschenbusch akaanza kufundisha kwamba dhambi haikai ndani ya moyo wa mtu mmoja mmoja peke yake. Iko pia katika taratibu ambazo watu wameziweka na kuzizoea, kama vile mwenye nyumba kupangisha chumba kisichofaa hata kwa mbuzi, kisha Jumapili akaketi kiti cha mbele kanisani. Mwaka 1907 aliandika kitabu kuhusu Ukristo na taabu za jamii, kikasomwa sana. Mwaka uliofuata madhehebu zaidi ya 30 ya Marekani yaliunda baraza lao la pamoja, nalo likatoa tamko la kudai mambo ambayo leo tunayaona ya kawaida: watoto wasifanyishwe kazi viwandani, wanawake walindwe kazini, mfanyakazi apate siku moja ya mapumziko katika juma, na mshahara umtoshe mtu kuishi. Miaka hiyo hiyo, huko huko New York, muuguzi Lillian Wald, ambaye hakuwa Mkristo bali Myahudi, alikuwa amekwishaanzisha mwaka 1893 utaratibu wa wauguzi kuwafuata wagonjwa majumbani mwao. Tunamtaja kwa sababu ni mwenzetu wa kazi, na kwa sababu Mungu haombi ruhusa kwetu anapochagua watumishi.

Wapo waliowapinga wahubiri hao kwa nguvu. Walisema wamegeuza Injili kuwa siasa, wameusahau msalaba, na baadhi yao wanalegeza hata mafundisho ya msingi ya imani. Mwaka 1922 mhubiri Harry Emerson Fosdick alitoa mahubiri New York ya kuwapinga wale wa msimamo mkali, na ugomvi ukawa mkubwa hadi mwishowe akaiacha mimbari ile. Kwa hiyo yule mama wetu anayesema tumekuja kusali ana wenzake wengi, na hoja yao si ya kudharau.

Huku Kagera nasi tulipata pande zote mbili. Upande wa moyo ulitujia kutoka ng'ambo ya mpaka. Katika miaka ya 1930 Uamsho ulianza Gahini, Rwanda, na tunapenda kukumbusha kwamba ulianzia katika hospitali ya misheni. Kutoka huko ulivuka ukaingia kwetu: watu kutubu hadharani, kurudisha walichoiba, kuacha pombe, kusalimiana kama ndugu. Bibi zetu wengi waliokoka katika moto huo. Hatupendi kuwasikia vijana wakiwacheka Walokole wa zamani. Mume aliyekuwa akipiga akawa hapigi tena, na hilo nalo lilikuwa badiliko la jamii, hata kama hakuna aliyeliandika kitabuni.

Upande wa pili ulikuja na Askofu Christopher Mwoleka.

Mwoleka alizaliwa mwaka 1927, akawa Askofu Mkatoliki wa Rulenge mwaka 1969. Jimbo hilo, ambalo tangu mwaka 2008 linaitwa Rulenge-Ngara, ndilo lenye Ngara yetu na Biharamulo. Miaka miwili kabla ya hapo, yaani Februari 1967, lilikuwa limetoka Azimio la Arusha, na Mwalimu Nyerere alikuwa akiwaalika Watanzania kuishi pamoja na kufanya kazi pamoja katika vijiji vya ujamaa. Viongozi wengi wa dini waliogopa neno lenyewe, maana lilisikika kama ukomunisti. Mwalimu naye hakunyamaza. Mwaka 1970 alizungumza na masista wa Maryknoll huko huko New York, akawaeleza kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupinga taratibu zinazowafanya watu wawe maskini, watu wataliona halina maana kwao.

Askofu Mwoleka hakuogopa. Alikwenda kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akaishi na kulima pamoja na wanakijiji. Hebu tafakarini, akina mama: askofu ana jembe mkononi, jua kali, na mahindi ya watu wote. Padre Joseph Healey, Mmarekani wa shirika la Maryknoll, naye aliishi hapo na baadaye aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1981 kuhusu aliyojifunza kwa wanakijiji hao. Safari hiyo Marekani ndiyo iliyokuja kwetu kujifunza.

Kilichotuvutia zaidi ni sababu aliyoitoa Askofu. Hakusema analima kwa kuwa chama kimesema, wala kwa kuwa umaskini ni mbaya, ingawa ni mbaya kweli. Alisema ni kwa ajili ya Utatu Mtakatifu. Alifundisha kwamba sisi Wakristo tumeuchukua Utatu kama fumbo la hesabu, moja inakuwaje tatu, tunakuna vichwa kisha tunaliacha. Kumbe Mungu ametufunulia jinsi anavyoishi ili tumwige. Baba, Mwana na Roho hawafichani kitu, kila walicho nacho ni cha wote, na huko kushirikishana ndiko uhai wenyewe. Basi, kwake ujamaa ulikuwa njia ya kawaida kabisa, ya jembe na chakula, ya kumwezesha mkulima wa Rulenge kufanana na Mungu.

Tukiri kwamba fundisho hili lina makali, nayo yanaanzia nyumbani. Ikiwa uhai wa Mungu ni kutofichana, inakuwaje fedha za kahawa ziwe siri ya baba? Mama amechuma, ameanika na amechambua, lakini siku ya malipo haambiwi hata kiasi. Nasi pia tuna vibubu vyetu ambavyo baba havijui, tusijifanye malaika. Katika vijiji vile vya pamoja tunaambiwa na mama zetu kwamba mwanamke alilima shamba la kijiji asubuhi, akarudi kulima la nyumbani, akateka maji, akapika, na jioni wanaume wakakaa mkutanoni kujadili ujamaa. Wamarekani wale nao walikuwa na kasoro hiyo hiyo. Waliohubiri wakajulikana ni wanaume, na waliokuwa wakipanda ngazi za nyumba za maskini kuwaosha watoto walikuwa wanawake.

Halafu likaja jambo gumu zaidi. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na ikamilike ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Kilichokuwa mwaliko kikawa operesheni. Nchini kote watu walihamishwa, na mahali pengine walihamishwa kwa nguvu, wakaacha nyumba na migomba yao. Ninyi mnaojua maana ya mgomba kwa mtu wa Kagera mnaelewa kilichoachwa. Hapa ndipo tunaposema bila kuficha kwamba kushirikishana hakuamriwi. Mama akimlazimisha mtoto kumgawia mwenzake kipande cha muhogo, mtoto atagawa, lakini jioni atampiga huyo mwenzake. Jembe la Askofu lilikuwa na maana kwa sababu alilishika mwenyewe kwa hiari yake.

Mashamba ya pamoja yalififia, lakini kitu kingine kikabaki. Mwaka 1973, na tena mwaka 1976, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliokutana Nairobi waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo, yaani nyumba chache za majirani wanaofahamiana, wanaosoma Neno pamoja na kusaidiana. Mwoleka alikuwa miongoni mwa walioliishi na kulisukuma jambo hilo kwa bidii, na mwaka 1976 maandiko yake kuhusu ujamaa na jumuiya za Kikristo yalichapwa. Wenzetu wa madhehebu mengine wana makundi yao ya nyumba kwa nyumba, na kazi ni ile ile.

Jumuiya hizo zilipimwa mapema. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983, na dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Hesabuni miaka iliyo katikati. Dada zetu waliotutangulia katika kazi ya uuguzi wanatusimulia kwamba wodi zilijaa, na hapakuwa na la kumpa mgonjwa zaidi ya kutuliza maumivu, hivyo alirudishwa nyumbani. Nani alimwosha? Nani alimgeuza ili asitoke vidonda vya mgongo, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko, akafua shuka bila glavu, akabaki na watoto baada ya matanga? Jirani, tena jirani mwanamke. Mahali palipokuwa na jumuiya iliyo hai zamu zilipangwa, na mahali ambapo jumuiya ilikuwa ya kusali tu, mzigo ulimwangukia bibi mmoja mzee hadi naye akaanguka.

Mtihani wa pili ulikuja tarehe 28 na 29 Aprili 1994. Sisi ambao leo tuna miaka arobaini na kitu tulikuwa watoto. Katika muda wa saa 24 watu waliokadiriwa wakati ule kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na Benaco ikageuka mji. Akina mama wa Ngara walitoa ndizi, vyungu na nguo za watoto. Baadaye kuni zikaisha, visima vikakauka, wizi ukazidi, na moyo wa kutoa ukapoa. Na kati ya waliolala njaa walikuwamo pia waliotoka kuua. Wengi wa wauaji na wengi wa waliouawa huko Rwanda walikuwa Wakristo, watu wa meza moja ya Bwana. Uamsho ulikuwa umeanzia kwao.

Jambo hili halina jibu jepesi, nasi hatutalitafuta hapa. Wamarekani walipigwa na swali la aina hiyo baada ya vita ya 1914 hadi 1918, na mwaka 1932 mwanateolojia wao Reinhold Niebuhr aliandika kuwaonya kwamba watu wakiwa kundi hutenda ubaya ambao kila mmoja wao, akiwa peke yake, angeuonea haya. Wahubiri wa jamii mpya walikuwa wameihesabu dhambi kuwa ndogo kuliko ilivyo. Lakini pia wale waliohubiri moyo peke yake hawakuuzuia upanga. Kwetu sisi, hilo linaliondoa kabisa lile shauri la kuchagua kati ya kusali na kisima. Mama anayetubu bila kujua jirani yake amelala na njaa, na mama anayechangia kisima huku hasemi na mke mwenza wa shemeji yake, wote wawili wana kazi iliyobaki.

Askofu Mwoleka alistaafu mwaka 1996, akafariki mwaka 2002.

Katika jumuiya yetu kuna madaftari mawili. La kwanza ni la michango, na hilo hukaguliwa kila mwezi. La pili tulilianzisha sisi wauguzi wa kujitolea pamoja na akina mama wengine watatu: linaandikwa nani ni mjamzito na anatarajia lini, nani ana shinikizo la damu na dawa zake zinaisha siku gani, nani anamhudumia mzee kitandani na hajapata siku ya kupumzika, na vijana gani watabeba machela ikiwa mvua imeharibu barabara. Mwanzoni akina baba walisema hayo ni mambo ya wanawake. Kisha mkwe wa mzee mmoja alishikwa na uchungu usiku wa manane, na machela ikafika kabla ya mzee huyo kuvaa viatu. Tangu hapo yeye ndiye anayetuletea kalamu.