Miji Yetu Isiwanyime Wanyama Njia

Ni desturi ya shule nyingi za Homa Bay na Migori kuwapeleka wanafunzi Nairobi kuwatazama wanyama. Huko huwaona simba na twiga katika mbuga iliyotengwa mwaka 1946, yenye eneo la kilomita 117 za mraba, huku majumba marefu ya jiji yakionekana ng'ambo ya nyasi. Wakipita City Park, kima huwanyang'anya ndizi mikononi. Sina ugomvi na safari hizo. Ninalosikitikia ni kwamba somo lililo kubwa huachwa hukohuko Nairobi.

Somo lenyewe ni hili: mnyama haishi jijini kwa bahati. Anaishi kwa sababu kuna watu waliokataa ardhi yake isiuzwe. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga kujengwa kwa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, akadhihakiwa hadharani. Mwaka 1999 yeye na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, ambao wakubwa walikuwa wamekwisha kujigawia. Leo maelfu ya wakazi wa Nairobi hutembea katika msitu huo na kuwatazama kima na paa, na wengi wao hawajui kwamba kivuli hicho kililipiwa kwa damu.

Sasa na tujitazame wenyewe. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, miji yetu imepanuka upesi. Mji wa Homa Bay umebanwa kati ya Ziwa Viktoria na mlima Asego, hivyo kila anayetafuta kiwanja huelekea ufuoni. Ufuoni ndiko anakoishi kiboko, ambaye Wajaluo humwita rao. Mnyama huyu hushinda majini mchana kutwa. Usiku hutoka kwenda malishoni, na huweza kula takriban kilo 40 za nyasi kabla ya kurudi ziwani alfajiri. Hupita njia zilezile siku zote. Tukijenga ukuta juu ya njia yake, au tukilima hadi ukingoni mwa maji, atapita penye mahindi yetu, na mtu atakayesimama kati yake na maji yumo hatarini. Kisha sisi husema kwamba kiboko ameuvamia mji. Ni nani hasa aliyemvamia mwenziwe?

Najua wapo watakaoniambia kwamba uhai wa mvuvi mmoja ni bora kuliko viboko mia. Nami sibishi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa jamaa ya mtu aliyeuawa na mnyama, lakini fidia hukawia, na hata ikifika haimfufui marehemu. Kwa sababu hiyohiyo nashikilia kwamba ukanda wa ardhi usiojengwa kandokando ya ziwa, na kandokando ya mito Kuja na Migori, ni kinga ya binadamu kabla ya kuwa hisani kwa mnyama.

Tusijidanganye kwamba tumezoea kuhifadhi. Bonde la Lambwe, iliko mbuga ya Ruma yenye kilomita 120 za mraba, halikusalimika kwa hekima yetu. Mlinzi wake alikuwa mbung'o, ambaye kwa ugonjwa wa malale aliwafukuza watu na mifugo. Humo ndimo lilimobaki kundi la mwisho la korongo nchini Kenya. Nasema yule mnyama mwenye pembe zilizopinda nyuma, wala si ndege. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu korongo 15 tu. Ni wanafunzi wangapi wa Migori na Homa Bay wawezao kumtaja, sembuse kumwona? Mbung'o sasa amedhibitiwa, na ulinzi umetuangukia sisi.

Wazee wetu walilielewa jambo hili. Pale Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori, zimesimama kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji zapata miaka 500 iliyopita, ambazo UNESCO ilizitambua mwaka 2018 kuwa urithi wa dunia. Wazee hao walijizungushia boma wenyewe pamoja na ng'ombe wao, wakaiacha nyika nje. Walijua kikomo chao. Sisi tunataka kuijenga nchi nzima, kisha tunashangaa kukutana na mnyama mlangoni.

Walimu wenzangu, kazi hii haihitaji nauli ya Nairobi. Wapeni wanafunzi kazi ya kuwauliza wavuvi na wakulima mahali ambapo viboko hupita, kisha wazichore njia hizo kwenye ramani ya mji wao. Ramani hiyo na ipelekwe kwa mwakilishi wa wadi, nakala nyingine ibandikwe ukutani mwa darasa. Siku kiwanja kilichomo katika njia hizo kitakapotangazwa kuuzwa, patakuwa na vijana watakaojua kinachouzwa, na watakaothubutu kuuliza.