Mulongo: Kuzaa si mwisho wa masomo ya sayansi

Hapa Mulongo, kando ya mto Lualaba, binti akizaa kabla ya kupata diploma, hukumu inakuja haraka: huyo amemaliza shule. Na mama aliyeolewa akisema anataka kwenda chuo kikuu kujifunza biolojia au uganga, anaambiwa maneno yale yale, ila kwa upole. Mtoto atabaki na nani? Swali hilo ni la kweli. Kosa ni kwamba anaulizwa mama peke yake.

Kuna masomo ambayo mtu anaweza kubeba daftari na kusoma usiku, mtoto akilala. Sayansi ni kali zaidi. Majaribio ya maabara yana siku yake na saa yake, na asiyefika amekosa. Tena maabara haiko hapa. Ni kupanda mto mpaka Bukama, halafu kutafuta treni ya kwenda Kamina au Lubumbashi, na mtoto mgongoni. Kwa familia zilizokimbia vita mambo ni magumu mara mbili: nkambo ambaye angemlea mtoto amebaki kijijini au amefariki, na karatasi za shule ziliungua pamoja na nyumba.

Lakini wako waliopita. Wangari Maathai wa Kenya alipata udaktari wa sayansi huko Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati. Wakati huo alikuwa tayari na mtoto mmoja, na wa pili alizaliwa Desemba ya mwaka ule ule. Alifundisha anatomia ya wanyama, na hapo chuoni alipigania wanawake wapewe haki za kazi sawa na wanaume. Haikuwa rahisi, ndoa yake ilivunjika, na asimulie mtu habari zake bila kuficha hilo.

Huko Ufaransa, Marie Curie alizaa binti wa kwanza mwaka 1897 na kupata Nobel mwaka 1903. Watu wanasifu akili yake, na wana haki. Wachache wanakumbuka mzee Eugène, baba mkwe wake, daktari, aliyehamia kwao na kumlea mjukuu wakati mama yuko kwenye maabara. Mzee mwanaume! Hapa kwetu baba mkwe akionekana anamuogesha mtoto, mtaa mzima utacheka.

Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inampa mama mfanyakazi wiki 14 za uzazi. Na tangu Sheria ya Familia irekebishwe mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa hangoji tena ruhusa ya bwana yake ili afanye kazi. Ni vizuri. Ila mwanafunzi si mfanyakazi, na wiki zile hazimhusu.

Mulongo inahitaji wanawake hawa. Kipindupindu kinarudi kila mara katika vijiji vya mtoni, na anayejua maji yanachotwa wapi, saa ngapi, kwa chombo gani, ni mwanamke. Akisomea vijidudu vya maji hayo, ataanza na maswali ambayo mgeni kutoka Kinshasa hatayafikiria.

Basi kazi igawanywe. Bwana aliyelipa mahari asidhani amenunua pia akili ya bibi yake. Wazee waliobaki wamshike mtoto asubuhi mbili kwa wiki. Walimu wa vyuo wakubali mama aliyekosa jaribio kwa sababu ya kujifungua alirudie, bila kumrudisha mwaka mzima. Na vyuo vya Kamina vitafute chumba kimoja karibu na maabara, chenye mkeka, maji safi na mama mmoja anayelipwa kutunza watoto. Fundi wa hapa anaweza kukitengeneza kabla masomo hayajafunguliwa.