Databesi Inajua Majina Yake. Mbona Unayaandika kwa Mkono?

Leo sina video, nina maneno tu. Soma hadi mwisho, kwa sababu kuna mahali nilikosea kitu na kuna mtu nilimkosea, na hayo mawili si sawa.

Mwaka jana nilipata kibarua cha wiki tatu. Mfumo wa sacco fulani ulikuwa unaandikwa upya, na kampuni iliyopewa hiyo kazi ilitaka vijana wawili wa kufanya ile sehemu ambayo wakubwa hawataki kugusa. Majedwali 64. Kila jedwali liandikiwe fomu ya kuingiza data, ukurasa wa kuionyesha, na ukaguzi wa kuzuia mtu kuandika jina mahali pa nambari ya simu. Malipo yalikuwa shilingi 2,000 kwa siku, siku 15. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, kwa hivyo hiyo 30,000 haikuwa pesa ya kuchezea.

Mwenzangu ni mkubwa kwangu, ana mtoto mchanga na ni mtu wa bidii kuliko mimi. Alikuwa na njia moja: anafungua jedwali, anasoma safu moja moja, anakopi fomu ya jedwali lililotangulia, anabadilisha majina. Siku ya tatu alikuwa amefanya majedwali tisa. Kwenye la nane alisahau kubadilisha jina moja, na fomu ya wadhamini ikawa inahifadhi watu kwenye jedwali la wanachama. Tulikaa jioni nzima tukitafuta kosa la neno moja.

Huo haukuwa uzembe. Mtu yeyote akirudia kitu kimoja mara sitini, macho yanachoka kabla ya vidole. Swali langu lilikuwa lingine kabisa. Yale majina tuliyokuwa tunayaandika, tuliyatoa wapi? Kwenye databesi. Kwani databesi yenyewe haiyajui?

Inayajua. Na ukiiuliza, inakujibu.

Kila databesi ya maana ina kama daftari lake la ndani: majedwali ni yapi, kila jedwali lina safu gani, kila safu inabeba maandishi au nambari au tarehe, urefu ni herufi ngapi, inaruhusiwa kuachwa wazi au la. Hiyo ndiyo metadata, yaani data inayoeleza data. Kwenye MySQL, PostgreSQL na SQL Server daftari hilo linaitwa information_schema, na limo kwenye kiwango cha SQL tangu 1992. Oracle ina lake lenye majina tofauti, kama ALL_TAB_COLUMNS. Hata SQLite, ile ndogo iliyo ndani ya simu yako, ina sqlite_master.

Tena si ujanja mpya wa TikTok. Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM, ndiye aliyechapisha wazo la databesi za majedwali mwaka 1970. Mwaka 1985 akatoa kanuni zake maarufu, na ya nne inasema hivi kwa ufupi: maelezo ya databesi yakae kwenye majedwali kama data nyingine yoyote, ili mtu ayaulize kwa lugha ile ile anayoulizia data. Kumaanisha kama unajua SELECT, tayari unajua kulisoma hilo daftari. Ni wewe tu hujawahi kulifungua.

Swali lenyewe ni fupi hivi:

SELECT column_name, data_type, character_maximum_length, is_nullable
FROM information_schema.columns
WHERE table_schema = 'sacco' AND table_name = 'wanachama'
ORDER BY ordinal_position;

Jibu linakuja kama orodha: jina la safu, aina, urefu, inaweza kuachwa wazi au la. Sasa fikiria. Fomu ni nini? Ni orodha hiyo hiyo ikiwa imevalishwa nguo. Safu ya tarehe inakuwa kisanduku cha tarehe. Safu ya herufi 100 inakuwa kisanduku kinachokataa herufi ya 101. Safu isiyoruhusiwa kuachwa wazi inapata nyota nyekundu. Safu inayoelekeza kwenye jedwali lingine inakuwa orodha ya kuchagua, na hilo pia limeandikwa kwenye daftari, chini ya key_column_usage.

Usiku wa siku ya tatu niliandika skripti ya mistari kama 80. Inauliza databesi, inapokea orodha, inaandika fomu. Niliianzisha nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi, fomu 64 zilikuwa zimeandikwa na maji hayajachemka.

Hapa ndipo watu huanza kupiga makofi. Ngoja kwanza.

Nilipozipitia asubuhi, fomu kama 50 zilikuwa sawa kabisa. Hizo nyingine zilikuwa za kuchekesha. Databesi inajua kwamba safu ya "hali" inabeba herufi moja. Haijui kwamba A ni mwanachama aliye hai na M ni marehemu. Inajua kwamba mkopo una safu ya mdhamini. Haijui kwamba mtu hawezi kujidhamini mwenyewe. Hayo yanajulikana na yule mama wa kaunta ambaye amehudumia wanachama miaka mingi, na ilibidi nimpigie simu kumuuliza. Hizo fomu zilizobaki ndizo zilikuwa kazi halisi. Wakati tukikopi na kupesti, tungezifikia siku ya 14 tukiwa tumechoka, na tungeziandika vibaya.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya kwanza. Unarahisisha kazi ya kurudia ili akili yako ifike ikiwa bado mbichi mahali panapohitaji akili. Hakuna uvivu hapo.

Sasa kosa langu. Siku ya tano tuliambiwa kila jedwali liongezewe safu ya kuonyesha nani alibadilisha data mara ya mwisho. Mimi sai nilikuwa nimevimba kichwa. Nikaiambia databesi iniandikie amri zenyewe, amri moja kwa kila jedwali, ikiwa na jina la databesi na jina la jedwali. Kazi ya dakika mbili. Nikazikopi zote, nikazipesti kwenye seva ya majaribio, nikabonyeza.

Nilisahau kitu kimoja. Sikuandika WHERE table_schema = 'sacco'. Kwenye MySQL, information_schema haikuonyeshi databesi moja, inakuonyesha kila databesi ambayo akaunti yako inaruhusiwa kuona. Na ile seva iliyoitwa ya majaribio ilikuwa imebeba pia mfumo wa mteja mwingine, ambao haukuwa wa majaribio hata kidogo. Amri zingine zilikataa. Zingine zikapita kimya. Yule mteja mwingine alikuwa na programu ya zamani iliyoingiza data bila kutaja majina ya safu, na safu ilipoongezeka, kila malipo yakaanza kukataliwa. Ijumaa alasiri. Watu wamepanga foleni wanalipa, na kila risiti inagoma.

Ilichukua karibu saa nzima kurekebisha. Nilitoa jasho ambalo sijawahi kutoa hata siku ya KCSE. Kwa mkono ningeharibu jedwali moja. Kwa skripti niliharibu yote kwa mpigo mmoja. Kitu kinachokuzidishia kasi kinakuzidishia na ujinga pia.

Kwa hivyo siku hizi nina masharti, na nakuomba uyaibe yote:

Moja, table_schema kila wakati. Na table_type = 'BASE TABLE' pia, kwa sababu orodha ya majedwali huja pamoja na mionekano, ambayo si majedwali.

Mbili, skripti iandike kwenye faili, isiendeshe. Mtu asome faili, ndipo aendeshe. Ukiona kusoma mistari 64 ni kazi nyingi, kumbuka ulikuwa tayari kuiandika.

Tatu, nakala ya akiba kabla ya kugusa muundo. PostgreSQL hukuruhusu kubadilisha majedwali ndani ya muamala kisha ukarudisha nyuma. MySQL ukishabadilisha jedwali, imeisha hiyo.

Nne, usipoona jedwali kwenye orodha, usiseme halipo. Pengine akaunti yako tu ndiyo hairuhusiwi kuliona.

Najua kuna mmoja anasema, "Buda, si nitaambia AI iniandikie?" Iambie. Mimi pia huiambia. Lakini AI inakisia jina la safu yako, databesi haikisii. Mara ngapi imekuandikia phone_number na safu yako inaitwa simu_1? Na kama lazima uitumie, ipe orodha ya safu tu. Usipesti majina na nambari za kitambulisho za wanachama halisi ili usaidiwe kuandika fomu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hao ni watu, si mfano wa darasani.

Na ukitaka kuona metadata ikifanya kazi ya heshima, ni hapo hapo. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kutaka data yake irekebishwe, na wakati mwingine ifutwe. Sawa, lakini nambari yake ya simu iko kwenye majedwali mangapi? Uliza column_name LIKE '%simu%'. Nilifanya hivyo kwenye mfumo wa sacco, nikapata majedwali 11. Wakubwa walidhani ni manne. Haikamati kila kitu, kwa sababu mtu anaweza kuwa aliandika simu ndani ya safu ya maelezo, lakini ni mwanzo mzuri kuliko kukisia.

Sasa yule niliyemkosea.

Siku ya sita, Jumatatu, kila kitu kilikuwa kimekamilika na kukaguliwa. Nikaenda kwa msimamizi wetu nikiwa natabasamu kama mtu aliyeshinda jackpot.

"Madam, tumemaliza."

"Yote?"

"Yote, Madam. Niliandika skripti."

Akaangalia, akaridhika. Akasema, "Kazi nzuri sana, kijana. Basi leo ndiyo siku yenu ya mwisho. Nitawalipia siku sita."

Siku sita ni 12,000. Kila mmoja wetu alipoteza 18,000 kwa sababu nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Yangu ni shida yangu. Lakini mwenzangu alikuwa ameshapangia zile siku 15: maziwa ya mtoto, kodi ya nyumba. Sikumuuliza. Sikumwambia hata twende pamoja. Tulipokuwa tunashuka ngazi aliniambia tu, "Dogo, ungeniambia kwanza." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Sasa kuna wale watasema funzo ni kunyamaza: maliza siku ya nne, kula siku 15, uza sura. Sikubali. Ukifanya hivyo unajifunza kuigiza kazi, na siku moja utakuwa mkubwa wa watu wanaokuigizia wewe. Na wengine watasema funzo ni kurudi kukopi na kupesti ili siku zitoshe. Hiyo ni kuchimba shimo kwa kijiko ili kibarua kisiishe.

Mimi naona kosa lilikuwa kwenye mkataba. Tulikubali kuuza siku wakati kazi yenyewe ilikuwa fomu 64. Ukiuza siku, kila unachojifunza kinakukata mshahara. Ukiuza kazi, unachojifunza ni chako. Wale vijana wanaoingia hii mambo bila digrii, kama mimi, ndio hubebwa kwa siku, kwa sababu hatuna karatasi ya kuweka mezani na tunaogopa kutaja bei. Taja. Sema: fomu 64, zimekaguliwa, zinafanya kazi, ni pesa hizi. Nitatumia njia gani ni shauri langu. Na zikiharibika, pia ni shauri langu.

Na kama mko wawili, mjuze mwenzako kabla ya kumjuza bosi. Hiyo haimo kwenye kitabu chochote cha SQL.

Baada ya ile kazi nilimtumia ile skripti, na Jumapili moja tukakaa kwake nikamwonyesha mstari kwa mstari, mtoto akilia kando. Yeye ndiye aliyeona kwamba inaweza pia kuandika kurasa za kuonyesha data, kitu ambacho sikuwa nimefikiria. Kazi iliyofuata tuliichukua pamoja, bei moja kwa kazi nzima. Tulimaliza mapema, na hakuna aliyetukata hata shilingi.

Leo usiku, kabla hujalala, fungua databesi yoyote uliyo nayo, hata ile ya mradi wa darasani. Iulize ina majedwali gani. Halafu angalia faili zako uhesabu ni mara ngapi umeyaandika hayo majina kwa mkono.