Mlipuko Ukitangazwa, Tarehe ya Kodi Nayo Isogezwe

Tarehe 21 Machi 2023, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alilitangazia taifa kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu katika Wilaya ya Bukoba Vijijini umethibitishwa kuwa ni Marburg. Siku kumi baadaye, 31 Machi, ikawadia tarehe ya mwisho ya kulipa awamu ya kwanza ya kodi ya mapato kwa wafanyabiashara wadogo. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Wiki nne baadaye, 30 Juni, awamu ya pili ikawa imefika. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza Marburg kwa mara nyingine mkoani Kagera, safari hii Biharamulo. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha 13 Machi, na siku kumi na nane baadaye kodi ya awamu ya kwanza ikadaiwa kama kawaida. Kwa hiyo kalenda ya ugonjwa na kalenda ya kodi zimegongana mara mbili ndani ya miaka miwili, katika mkoa mmoja, na sheria zetu za kodi hazina kifungu kinachosogeza tarehe hizo pale mlipuko unapotangazwa. Naamini kifungu hicho kinapaswa kuandikwa mapema, wakati wa utulivu, na kiandikwe kwa kumtazama mfanyabiashara mdogo kuliko wote.

Kagera haihitaji kusimuliwa habari za milipuko. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani humu mwaka 1983. Mkoa unapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na mashariki una Ziwa Viktoria lenye visiwa ambavyo watu wake hawatulii mahali pamoja, wanafuata samaki. Uchunguzi wa Marburg ya 2023 ulionyesha kwamba mgonjwa wa kwanza alitokea kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba, ingawa vifo vilionekana katika kata za Maruku na Kanyangereko, upande wa Bukoba. Waliougua walikuwa 9 na waliofariki 6. Idadi ndogo kama hiyo inaweza kumdanganya aliye mbali akadhani madhara nayo yalikuwa madogo. Ukweli ni kwamba hofu huenea mbali kuliko virusi. Mchuuzi wa dagaa, mama lishe, dereva wa bodaboda na fundi cherehani wa kata ya Izigo, wilayani Muleba, hawakuwa ndani ya kata zilizoguswa, lakini riziki yao inategemea watu wanaosafiri, wanaokusanyika gulioni na wanaokula pamoja. Watu hao wakipungua, mauzo yanashuka hata kama hakuna aliyeamriwa kufunga duka. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 2020, wakati wa korona: Tanzania haikuwafungia watu ndani, ila Uganda na Rwanda zilizuia abiria kuvuka mipaka, na biashara ndogondogo za Mutukula na Rusumo zikaumia kwa amri zilizotolewa Kampala na Kigali.

Ili kuona kwa nini kodi humuumiza mdogo wakati kama huo, ni lazima kuitazama kodi yenyewe inavyokokotolewa. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inamtoza kodi ya makadirio mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, kwa kuangalia mauzo yake, si faida yake. Katika viwango vilivyoanza kutumika mwaka 2019, asiyefikisha mauzo ya milioni 4 halipi kitu. Mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 analipa shilingi 100,000 kama hana kumbukumbu za mauzo, au asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4 kama anazo. Sasa tuchukue duka ambalo lilikadiriwa kuuza milioni 6.8 kwa mwaka, kisha ugonjwa ukayashusha mauzo hadi milioni 4.5. Mwenye daftari la mauzo, kodi yake inashuka kutoka 84,000 hadi 15,000. Asiye na daftari alidaiwa 100,000 kabla ya mlipuko na atadaiwa 100,000 baada yake. Amepoteza theluthi ya biashara, na kodi haikupungua hata shilingi moja. Tena wote wawili wanatozwa kwenye mauzo. Nauli ya mzigo ikipanda, bidhaa zikioza kwa kukosa wateja, faida ikanywea, mauzo ya shilingi milioni bado yatahesabiwa kuwa milioni. Kampuni kubwa ikipata hasara inaruhusiwa kuibeba hasara hiyo na kuipunguza kwenye faida ya miaka inayofuata. Mlipa kodi ya makadirio hana mlango huo.

Hatua zilizochukuliwa nchini mwaka 2020 hazikuligusa tatizo hili. Mwezi Mei mwaka huo Benki Kuu ya Tanzania ilishusha riba yake kwa mabenki kutoka asilimia 7 hadi 5, ikapunguza kiwango cha amana ambacho mabenki hulazimika kukiweka kwake kutoka asilimia 7 hadi 6, na ikapandisha kiwango cha juu cha miamala ya simu kwa siku kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5. Zilikuwa hatua za busara, na zilimfaa mwenye mkopo wa benki. Sheria ya Fedha ya 2020 nayo ilipandisha mshahara usiotozwa kodi kutoka shilingi 170,000 hadi 270,000 kwa mwezi, jambo jema kwa mwajiriwa, na ikaruhusu michango iliyotolewa kwa serikali kupambana na korona iondolewe kwenye mapato yanayotozwa kodi. Lakini mwenye genge hana mshahara, na kodi yake haikokotolewi kwa kutoa gharama. Angechanga ndoo kumi za kunawia mikono, asingepata nafuu yoyote. Mwaka uliofuata, Julai 2021, ikaja tozo ya miamala ya simu, na hiyo ilimfikia kila mmoja hadi serikali ilipoanza kuipunguza kufuatia malalamiko ya wananchi. Nafuu ilipita juu ya kichwa cha mdogo, mzigo ulimkuta.

Jirani zetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi, na kwao tunaweza kujifunza mema na mabaya. Aprili 2020 Bunge lao lilipitisha sheria ya kurekebisha kodi kwa haraka: kodi ya makampuni ikashuka kutoka asilimia 30 hadi 25, kodi ya ongezeko la thamani, kwa agizo la Waziri wa Fedha, kutoka asilimia 16 hadi 14, na kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 3 hadi 1. Hilo la mwisho ndilo lililomlenga mdogo moja kwa moja, na linastahili sifa. Kupunguza kodi ya faida ya kampuni, kwa upande mwingine, kunamfaa yule ambaye bado anapata faida. Aliyefilisika hana faida ya kupunguziwa. Kisha, Januari 2021, viwango vya makampuni na vya ongezeko la thamani vikarudishwa, na siku hiyohiyo ikaanza kodi ya chini ya asilimia 1 ya mauzo ghafi, iliyozidai hata kampuni zilizokuwa zikipata hasara. Waliokwenda mahakamani kuipinga ni pamoja na chama cha wenye baa wa Kitengela, watu ambao biashara yao ilikuwa imebanwa na amri za kutotoka nje usiku. Septemba 2021 Mahakama Kuu ya Machakos iliibatilisha kodi hiyo, na Desemba 2022 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Funzo lake ni kwamba nafuu inayotungwa kwa papara huondoka kwa papara, na inayofuata huweza kuwa nzito kuliko ile iliyoondolewa.

Hata nchi tajiri ilijikwaa. Marekani ilipitisha sheria yake kubwa ya misaada Machi 2020, ikawapa wafanyabiashara wadogo mikopo ambayo ingesamehewa kama wangeendelea kulipa mishahara. Mwezi uliofuata mamlaka ya kodi ya nchi hiyo ikasema kwamba gharama zilizolipwa kwa mkopo uliosamehewa hazitaruhusiwa kupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Maana yake ni kwamba sehemu ya msaada ingerudi serikalini kwa mlango wa nyuma. Wenye biashara walikaa miezi minane bila kujua wanadaiwa nini, mpaka Desemba 2020 Bunge lilipotunga sheria nyingine kuirekebisha ile ya kwanza. Kama hilo liliwapata watu wenye wahasibu na mawakili, mwenye kibanda asiye na mhasibu anahitaji sheria iliyonyooka zaidi.

Ninachopendekeza kinaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja wa Muswada wa Sheria ya Fedha. Kwanza, Waziri wa Afya anapotangaza rasmi mlipuko katika wilaya, awamu zote za kodi ya makadirio zinazoangukia ndani ya kipindi cha mlipuko na siku 90 baada ya kutangazwa kwisha zisogezwe zenyewe, bila maombi, bila riba na bila faini, katika wilaya husika na zile zinazopakana nayo. Pili, kwa asiye na kumbukumbu, kodi ya robo mwaka iliyoguswa ipunguzwe kwa nusu, ili kiwango kisichobadilika kiache kumdai kana kwamba hakuna kilichotokea. Tatu, ushuru wa soko na ada za leseni zinazokusanywa na halmashauri zisogezwe vivyo hivyo, na Hazina iifidie halmashauri pengo hilo. Nne, msaada wowote wa serikali unaotolewa kwa sababu ya mlipuko usihesabiwe kuwa mauzo wala mapato. Tarehe ya kuanza na ya kwisha tayari hutangazwa, mipaka ya wilaya inajulikana, na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) inajua ni nani analipa kwa makadirio.

Wapo watakaosema uwezo huo upo tayari: mlipa kodi anaweza kumwandikia Kamishna Mkuu wa TRA akaomba kulipa polepole, na serikali imewahi kusamehe riba na faini kwa mpango maalumu, kama ilivyofanya mwaka 2018. Ni kweli. Lakini ruhusa inayoombwa kwa barua humfikia anayejua kuandika barua hizo, anayejua pa kuipeleka, na asiye katika siku 21 za kufuatiliwa afya kwa sababu aligusana na mgonjwa. Haki inayotegemea maombi wakati wa tauni itawafikia wachache walio karibu na ofisi. Wapo pia watakaouliza serikali itapata wapi fedha za kupambana na ugonjwa ikiwa inaahirisha mapato. Hesabu inajibu. Anayelipa 100,000 kwa mwaka hulipa 25,000 kwa awamu. Kwa Hazina huo ni ucheleweshaji wa miezi michache kutoka wilaya chache, na hata ile nusu inayosamehewa haizidi 12,500. Kwa mwenye genge, hizo 25,000 ndizo mtaji wa kununulia mzigo wa kesho. Akizilipa kwa kula mtaji atafunga, na aliyefunga hatalipa awamu ya tatu wala ya nne, na mwaka ujao hatakuwepo kwenye orodha ya walipa kodi.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaosema kumpunguzia asiye na kumbukumbu ni kumtuza kwa uzembe. Natambua uzito wake, kwa sababu nchi haiwezi kujengwa juu ya makadirio milele. Ila mfano wa duka nilioutoa unaonyesha kwamba mwenye daftari bado atakuwa amefaidika zaidi: kodi yake inashuka kufuata mauzo halisi, wakati mwenzake anapata punguzo la robo mwaka tu. Motisha ya kutunza kumbukumbu inabaki. Kuhusu udanganyifu, nafuu inayotolewa kwa eneo na tarehe haina mwanya mkubwa wa kughushi, kwa kuwa hakuna fomu ya kujaza uongo wala afisa wa kushawishiwa.

Wengine watasema mdogo ana mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mpango huo ni mzuri, lakini Aprili 2023, wakati Bukoba ikipambana na Marburg, utoaji wake ulikuwa umesimamishwa nchi nzima ili utaratibu urekebishwe. Sababu za kuusimamisha zilikuwa na msingi, na bado aliyeuhitaji wakati huo aliukosa. Msaada unaoweza kusimamishwa kwa tamko hautoshi kuwa kinga. Kinga ni ile iliyoandikwa kwenye sheria na inayoanza kazi siku ileile mlipuko unapotangazwa.

Kuna faida moja zaidi, nayo ni ya afya ya wote. Ugonjwa kama Marburg hudhibitiwa kwa watu kusema mapema: kutaja homa, kutaja msiba usioeleweka, kukubali kufuatiliwa kwa siku 21. Kila shilingi ambayo tangazo la mlipuko linamgharimu mtu mdogo ni sababu ya yeye kunyamaza, na kila kiongozi wa kijiji anayehofia gulio lake kufa ana sababu hiyohiyo. Sheria inayosema wazi kwamba tangazo likitoka madai ya kodi yatasubiri inapunguza gharama ya kusema ukweli. Wabunge wa Kagera, walioona milipuko miwili ikipita katika mkoa wao, ndio wenye sababu ya kwanza ya kulipeleka pendekezo hili bungeni. Muswada wa Sheria ya Fedha husomwa kila Juni na sheria huanza kutumika Julai Mosi. Vifungu vinne vinatosha, na vikiingia katika bajeti moja tu, mfanyabiashara wa Izigo atakuwa na haki ambayo hatalazimika kuiomba akiwa katikati ya msiba.