Lenzi kimeo za mtandaoni: hasara abebe nani?

Wadau, leo tuongelee vifaa vya kamera vya mtumba vinavyouzwa mtandaoni. Kuanzia Mbinga mjini mpaka Mbamba Bay na Liuli, wapiga picha wengi ni vijana waliojiajiri. Kipaimara, harusi na mahafali ndiyo mavuno yao, kama kahawa kwa Wamatengo. Lenzi mpya bei haishikiki, kwa hiyo mtu anatafuta mtumba, anatuma hela kwa simu, na mzigo unapanda basi kutoka Dar, kilomita 1,000 hivi. Ukifika ndiyo kwanza anaitia lenzi machoni.

Yangu mimi ilikuja na ukungu katikati ya vioo. Tangazo lilisema "safi, haina tatizo". Muuzaji, ambaye simtaji, akajibu kifupi tu: mali ikishauzwa hairudi.

Jibu hilo wengi wetu tunalimeza kama vile ni sheria ya nchi. Tulichambue.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inasema kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo yake. Ni kweli pia kwamba ukikagua bidhaa mwenyewe dukani, huwezi baadaye kulalamikia ubovu ambao ungeuona kwa ukaguzi ule. Lakini mtu aliye Mbinga anakaguaje lenzi iliyoko Kariakoo? Yeye amenunua maneno na picha za tangazo, basi muuzaji abanwe na maneno hayo hayo. Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye kazi hiyo. Halafu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe kwa jina na anuani, na aeleze bidhaa yake.

Sasa tatizo liko wapi? Liko kwenye utekelezaji. Ukienda polisi utaambiwa hayo ni madai, siyo jinai, isipokuwa kama jamaa alikula hela na mzigo hakutuma kabisa, au alidanganya makusudi. Ukisema ufungue kesi ya laki tatu, nauli na siku za kazi zinaimaliza hiyo laki tatu. Muuzaji anajua hesabu hiyo, ndiyo maana anakupiga danadana.

Tuwe wakweli, wauzaji nao wanaumizwa. Kuna mtu anapiga harusi nzima na lenzi halafu anataka kuirudisha. Kuna mwingine anaiacha ndani ya begi kwenye unyevu wa ziwani miezi kadhaa, ukungu unaota, lawama zinakwenda Dar. Na kuna lenzi nzima inayoitwa mbovu bure: lenzi za zamani za Nikon zisizo na mota ndani hazijifokasi zenyewe kwenye kamera ndogo kama D3100, ingawa picha inatoka vizuri ukizungusha kwa mkono.

Kwa hiyo ushahidi wa siku ya kwanza ndio silaha. Hifadhi picha ya tangazo na meseji zote. Fungua boksi huku mwenzako anarekodi video. Mulika tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili: ukungu unaonekana kama utando wa buibui. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, piga ukiwa umefungua lenzi mpaka mwisho, halafu linganisha kona zote nne. Kona moja ikififia wakati tatu zinasomeka, huenda vioo vimehama.

Msimamo wangu: kabla ya kutuma hata senti, makubaliano yaandikwe kwenye meseji. Siku tatu za kujaribu tangu mzigo ufike stendi, na lenzi isipofanana na tangazo, muuzaji analipa nauli ya kuirudisha. Akikataa hilo, tafuta mwingine. Wapiga picha wa Mbinga na Nyasa tukikataa kwa pamoja kununua bila sharti hilo, wauzaji watalizoea, maana sisi ndio wateja wao.

Kwenu wauzaji mnaosoma hapa: siku tatu ni nyingi mno? Kwa nini? Mwageni hoja hapo chini.