WATUMISHI WA KAMPENI SI BIDHAA YA DUKANI



Imeenea fikra, na wanaoieneza ni watu wenye sauti kubwa na mifuko mizito, ya kwamba uchaguzi ni soko kama masoko mengine: mwenye fedha na aajiri wataalamu, na wataalamu wamletee kura. Sisi twaikataa fikra hii, na twaikataa kwa hoja, si kwa kelele. Na kwa kuwa mabwana hao hupenda kuitolea mfano Marekani, basi na twende huko huko Marekani, tukaipime kwa mizani yao wenyewe.

Kwanza yafaa jambo lenyewe lifahamike. Huko, kabla ya uchaguzi wa Rais, kila chama kikubwa hufanya uchaguzi wa mchujo ili kumpata mgombea wake. Majimbo hupiga kura kwa zamu, na kinachohesabiwa mwishowe si kura tupu, bali ni wajumbe watakaokwenda katika mkutano mkuu wa chama. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1968 Hubert Humphrey aliteuliwa na chama cha Democratic bila ya kuingia katika mchujo wa jimbo hata moja. Wakubwa walikaa, wakaamua. Ghadhabu ya wanachama ndiyo iliyozaa kanuni mpya, na tangu 1972 neno limekuwa la wapiga kura. Kuanzia hapo mgombea hana budi kuwa na watu: wa kubisha hodi, wa kuandika majina, wa kuhesabu, na wa kuzijua kanuni. Hao ndio watumishi tunaowasema.

Sasa na tumtazame aliyejaribu kununua. Michael Bloomberg, tajiri mkubwa aliyepata kuwa Meya wa New York, aliingia katika mchujo wa Democratic mwezi wa Novemba 2019. Akaajiri watumishi zaidi ya 2,000, akatumia kiasi cha dola bilioni 1. Tarehe 3 Machi 2020, siku yalipopiga kura majimbo mengi kwa pamoja, alishinda mahali pamoja tu: visiwa vya American Samoa, ambako waliojitokeza walikuwa 351. Siku ya pili akajitoa. Twauliza: mali yote ile ilinunua nini? Ilinunua mikono, haikununua nyoyo. Ilinunua matangazo, haikununua sababu ya mtu kutoka kwake akaenda kupiga kura.

Wala hayo siyo mabaya zaidi. Watumishi wale walikuwa wameahidiwa kwamba mishahara yao itaendelea hadi Novemba 2020, hata kama mwenyewe hakuteuliwa. Mwezi wa Machi wakaachishwa kwa mamia, wakati ule ule maradhi ya Korona yakifunga milango ya kazi nchi nzima. Baadhi yao wakenda mahakamani. Wakajibiwa kuwa mkataba ulioandikwa uliruhusu kuachishwa wakati wowote. Labda wanasheria watauona huo kuwa ni ujuzi. Sisi tunaoshika daftari la madeni tangu asubuhi hadi magharibi twajua jina lake jingine. Ahadi ni deni, na mwenye mabilioni hana udhuru wa kutolipa.

Walakini asije mtu akatusingizia kuwa twasema watumishi hawana kazi. La, hasha! Twasema kinyume chake: kazi yao ni kubwa mno hata haifai kuachiwa bei. Tazameni mwaka 2008, walipopambana Barack Obama na Hillary Clinton. Tarehe 5 Februari Clinton alishinda New Jersey, jimbo kubwa, ambako walipiga kura watu zaidi ya milioni 1. Siku hiyo hiyo Obama alishinda Idaho, jimbo dogo, ambako watu wapatao 21,000 tu walihudhuria mikutano ya kupiga kura. Je, nani aliyefaidika zaidi? New Jersey ilimpa Clinton wajumbe 59 na Obama 48: ziada ya 11. Idaho ilimpa Obama 15 na Clinton 3: ziada ya 12! Mlima umeshindwa na kichuguu. Na sababu yake si muujiza. Watumishi wa Obama, chini ya David Plouffe, walizisoma kanuni za kugawa wajumbe, wakapeleka watu mapema mahali ambapo wenzao walipadharau. Biashara ni hesabu, na hesabu ni kujua pishi inapimwaje kabla ya kununua mchele.

Na upande wa pili je? Mark Penn, mkuu wa mikakati wa Clinton, alikuwa pia mkuu wa kampuni iliyolipwa na serikali ya Colombia kuupigia debe mkataba wa biashara ambao Clinton mwenyewe aliupinga hadharani. Mwezi wa Aprili 2008 ilipobainika kuwa alikutana na balozi wa Colombia juu ya mkataba huo, ikambidi aache cheo chake. Mshika mawili, moja humponyoka. Mtumishi mwenye mabwana wawili ni hatari kuliko adui aliye mlangoni.

Wengine husema: basi wingi wa watu wenye mapenzi watosha. Nao wamekosea. Howard Dean alikusanya dola zipatazo milioni 40 katika mwaka 2003, nyingi zikiwa ni michango midogo midogo. Akapeleka Iowa maelfu ya watu wa kujitolea, wamevaa kofia za rangi ya chungwa, wengi wao wakitoka majimbo mengine. Tarehe 19 Januari 2004 akawa wa tatu, kwa asilimia 18 tu. Mgeni huheshimiwa, lakini jirani ndiye anayesikilizwa.

Na watatwambia: mbona Donald Trump mwaka 2016 alishinda mchujo wa Republican na watumishi wachache? Kweli alishinda. Lakini hata yeye mwezi wa Machi ilimlazimu kumwajiri Paul Manafort kushughulikia wajumbe, kwa kuwa watu wa Ted Cruz walikuwa wakimzidi katika mikutano ya chama. Mwezi wa Aprili Cruz akawazoa wajumbe wa Colorado. Umaarufu haukumwondolea haja ya makarani.

Basi rai yetu ni hii. Anayeomba kuongoza taifa na aanze kutazamwa kwa namna anavyowatendea watu wake kumi, kabla ya kukabidhiwa mamilioni. Mwaka 2019 watumishi wa Bernie Sanders waliunda chama cha wafanyakazi, cha kwanza katika kampeni ya Rais ya chama kikubwa. Haukupita muda wakalalamika kwamba saa nyingi za kazi ziliushusha ujira wao chini ya dola 15 kwa saa, kiwango kile kile alichokidai yeye majukwaani kwa nchi nzima. Wakajadiliana, wakaafikiana. Wako waliocheka. Sisi hatucheki: twasema hivyo ndivyo ipasavyo, mtumishi awe na ulimi wa kumkumbusha bwana wake maneno yake.

Kwa hiyo, wasomaji, atakapokujieni mgombea yeyote na msafara wa wataalamu, msiulize amelipa kiasi gani. Ulizeni: watu hawa wanamtumikia nani mwingine? Wamezisoma kanuni? Wanaijua mitaa? Na ulizeni khasa: siku atakaposhindwa, atawalipa alichowaahidi? Asiyetimiza ahadi kwa aliyemtokea jasho, hatoitimiza kwa aliyempa kura.