Kasia bila mtumbwi

Leo naomba tuache kidogo habari za nani kamtosa nani, nipeni dakika tano niwapeleke Ulaya ya kaskazini, kwenye makelele.

Kuna bendi inaitwa Amon Amarth. Ni Waswidi wa Tumba, karibu na Stockholm, na jina hilo wanalo tangu 1992. Wanapiga hevi metali, tena ile nzito ya kuunguruma, na nyimbo zao karibu zote ni za Waviking, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia, na miungu yao akina Thor na Odin. Mwimbaji wao, Johan Hegg, kavuka miaka 50, ana ndevu ndefu na pembe ya kunywea inaning'inia kiunoni. Mzee mzima huyo akifungua mdomo, kama una mtoto mchanga ndani punguza sauti!

Bendi hii uhondo wake ni uwanjani, juu mbingu, chini nyasi. Chukua mfano wa Wacken, kijiji cha kaskazini mwa Ujerumani chenye wakazi kama 2,000 tu. Mwaka 1990 vijana wa hapo walianzisha tamasha, wakaja watu kama 800. Siku hizi tiketi ni 85,000, watu wanalala kwenye mahema, na mvua ikinyesha ni tope la kuacha kiatu. Mwaka 2023 lilizidi hadi waandaaji wakafunga milango, maelfu wakakosa shoo na tiketi wanazo. Amon Amarth walipanda jukwaa la Wacken 2024.

Sasa sikia utamu wake. Mwaka 2022 walitoa wimbo unaitwa Put Your Back into the Oar, yaani tia mgongo kwenye kasia. Ukipigwa, mashabiki wanakaa chini, mmoja nyuma ya mwenzake kama wako ndani ya mtumbwi, wanavuta makasia ya hewa kwa mdundo. Watu wazima na kazi zao, wengine wana watoto shuleni, wanapiga kasia mahali ambapo hata bata hawezi kuogelea! Mimi naangalia kwenye simu, bando la kuungaunga, lakini mabega yanacheza yenyewe.

Basi bwana, nikamwonyesha mshikaji wangu mmoja wa kijiweni. Kaangalia, kasonya. "Hao si wabaguzi hao? Alama hizo ndizo zao. Wewe mweusi unatafuta nini humo?"

Swali hilo siwezi kulipita kwa utani, maana halikutoka hewani. Wanazi walizichukua alama za kale za watu wa kaskazini wakazifanya zao. Jeshi la SS lilivaa herufi hizo za kale kwenye kola, na divisheni yao moja iliitwa Wiking. Mpaka leo sheria ya Ujerumani inakataza kuzionyesha hadharani zile herufi mbili za SS, na bado wapo wabaguzi wanaojificha nyuma ya nyundo ya Thor. Waviking wenyewe hawakuwa malaika. Mwaka 793 walivamia watawa wa Lindisfarne, Uingereza, na biashara yao mojawapo ilikuwa kukamata watu na kuwauza. Kwa sisi wa pwani, tunaoijua Bagamoyo, neno hilo halipiti hivi hivi.

Lakini nikamwambia mshikaji, hebu tuulizane, hadithi hizi ni za nani? Aliyeziandika sana ni Snorri Sturluson wa Iceland, miaka ya 1200, naye alikuwa Mkristo, wala hakumwabudu Thor. Na jina la bendi, je? Amon Amarth ni jina la mlima wa moto katika vitabu vya Tolkien, katika lugha aliyoitunga mwenyewe kichwani. Na Tolkien, Mwingereza huyo, alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Umeona? Waswidi wameazima jina kwa Mwingereza mzaliwa wa Afrika, halafu mimi niambiwe sina ruhusa ya kusikiliza!

Thor mwenyewe, ukimsikiliza vizuri, habari yake siyo ya rangi. Siku ya mwisho wa dunia anapigana na joka kubwa la baharini, analiua, anatembea hatua tisa, anaanguka, sumu imeshamwingia. Nani kati yetu hamjui mtu aliyeshinda vita vyake halafu akaanguka baada ya hatua tisa? Mie namjua zaidi ya mmoja.

Siapi kwamba kati ya watu 85,000 hayumo hata mmoja atakayenitazama kwa jicho baya. Atakuwemo, dunia ndiyo hii. Lakini huyo ndiye kaiba alama za watu, mimi nimekuja kusikiliza tu. Nikimwachia yeye muziki wote kwa sababu ya uso wake, nitakuwa nimemkabidhi hata kisichokuwa chake.

Mshikaji hajakubali. Amesema nikipata nauli na viza niende mwenyewe, yeye atabaki na taarabu yake. Poa tu! Nitakaa topeni nyuma ya Mjerumani yeyote, nivute kasia.

Wewe msomaji, je, kuna ngoma unayoipenda kisha ukaambiwa siyo ya watu kama wewe? Niandikie. Wiki ijayo Mungu akipenda.